Mshenga Ndani ya Mfupa

Zakayo Kihwele aliketi kwenye kiti cha kukamulia, akafungua vifungo vya juu vya shati, akainua kidevu ili Otilia aione vizuri ile koki ndogo ya kauri iliyochomoza chini ya mtulinga wake.

"Haya, Mngoni," alisema. "Zamani mlikuja huku na mikuki, ikawashinda. Sasa mmekuja na mirija."

"Mikuki ilikuwa ya kuwaokoa mbwa," Otilia Mapunda alimjibu huku akiunganisha mrija. "Walikuwa wanatulilia mpaka Songea, mtani, wanakwisha mmoja mmoja."

Visima wengine, kama watoa damu wa kituo walivyoitwa, waliolala kwenye viti vyao kila mmoja na mrija wake, walicheka. Bila kicheko kile chumba kisingevumilika. Nje ukungu wa Mufindi ulikuwa umegandia vioo, mashamba ya chai hayaonekani, na ndani damu ilikuwa inashuka kimyakimya kwenye mifuko iliyoning'inia kama matiti. Damu ya Zakayo ndiyo iliyokuja upesi kuliko zote. Ilikuwa nzito, nyekundu ya kung'aa, na mfuko wa kwanza ulijaa Otilia akiwa bado anavua glavu.

"Leo unaniua kweli, mtani. Mdomo umejaa vidonda. Uji ukipita naona kama nameza misumari."

"Mbwa uliyemla alikuwa na upele."

"Na jioni natetemeka mpaka kitanda kinatembea."

"Kitanda kinakukimbia. Hata mimi ningekukimbia."

Zakayo naye alicheka, kiganja mdomoni, kama mtu anayeficha meno mabovu. Otilia alibadilisha mfuko, akambandikia pamba, akampiga begani.

Tangu Zakayo ajiunge na kituo walikuwa hawajawahi kuzungumza namna nyingine. Mhehe na Mngoni ni watani. Babu zao walipigana mpaka wakachoka, wakawaachia wajukuu matusi badala ya silaha. Mtani humkasirikii. Akikutukana unamrudishia. Akikwambia anakufa, unamwambia afanye hima watu wakale ubwabwa. Otilia aliyajua hayo kabla ya kujua kusoma, na hakuna aliyewahi kumfundisha kwamba yana mpaka.

*

Mfuko ulikuwa bado una joto la mwili alipoupeleka wodini. Damu ya visima haikuwekwa kwenye jokofu. Chembe zake zilizaliwa kwa haraka mno, zikilazwa zinapasuka. Ilitoka kifuani mwa mtu, ikavuka uwanja chini ya turubai, ikaingia mkononi mwa mtoto.

Wodi ilijaa watoto wa mabondeni. Kule chini mbu mpya alikuwa ameleta homa ya kutu, kimelea kinachovamia chembe nyekundu na kuzipasua kwa mkupuo mmoja, mpaka mkojo wa mtoto unageuka rangi ya bati lililooza. Dawa yake ilikuwapo, ila ilikuwa ya polepole. Mtoto alihitaji damu ya kumvusha mpaka dawa imalize kazi, na damu safi ilibaki kwa watu wa baridi peke yao, ambao mbu huyo alikuwa hajawafikia. Watu hao walikuwa wachache. Kwa hiyo ikabidi wachache watoe kwa ajili ya wengi, na mwili wa binadamu haukuumbwa kwa kazi hiyo mpaka alipopatikana Mshenga.

"Babu Damu hajambo?" Leka aliuliza, maana ndivyo alivyomwita Zakayo. Alikuwa na umri wa kwenda chekechea, macho makubwa, midomo iliyopauka kama karatasi. Jina lake kamili lilikuwa Leokadia, lakini hakuna aliyekuwa na muda wa kulimaliza.

"Hajambo. Anakusalimu."

"Ameniambia nikipona atanipeleka nikaone mianzi inayotoa pombe."

"Atakulewesha huyo," alisema mama yake, Kandida Nchimbi, aliyekaa miguuni pa kitanda akikunja kanga zilizokauka. "Wahehe wananyonyesha watoto ulanzi. Ndiyo maana hawakui."

"Mtani wangu huyo, dada, nimsemee?" Otilia aliuliza.

"Msemee. Mwambie damu yake ni nzuri lakini inamfanya mwanangu atamani nyama ya mbwa."

Leka alicheka, kisha akachoka, akafumba macho. Otilia alitundika mfuko, akasimama kuangalia matone ya kwanza. Mtoto huyu hakuwa kama wengine. Alikuwa ameongezewa damu za watu wengi mno kule walikotoka, mpaka kingamwili zake zikazichukia karibu zote. Walijaribu visima wote wa kituo. Wote mwili wake uliwakataa kwa homa na mishtuko, isipokuwa Zakayo.

Midomo ilianza kurudisha rangi. Kandida aliiona, akaacha kukunja kanga.

*

Mtu aliyeingia maabara ya kituo kwa mara ya kwanza alionyeshwa picha kubwa ukutani, na Otilia ndiye aliyekuwa akiieleza kwa wageni.

Ndani ya uboho, aliwaambia, seli mama huzaliwa bila kujua itakuwa nini. Inaweza kuwa chembe nyekundu ya kubeba hewa, inaweza kuwa chembe nyeupe ya kupigana na vijidudu. Wanaoamua ni protini zinazotua juu ya uzi wa jeni, zikausoma, zikawasha hiki na kuzima kile. Watu wa kituo walizifupishia majina wakaziita kama majirani. Gata ndiye wa wekundu. Pu ndiye wa weupe. Hawapatani hata kidogo. Wakikutana ndani ya seli moja hushikana makoo, na seli hubaki imeduwaa katikati mpaka mmoja azidiwe. Lakini Gata akiwa peke yake hafiki mbali. Lazima aandamane na mwenzake aitwaye Fogi. Wakishikana hao wawili, jeni za wekundu huwaka moja baada ya nyingine kama taa za harusini, na seli hairudi nyuma tena.

Mshenga alikuwa protini isiyozaliwa na mama yeyote. Alichorwa, akajengwa, jeni yake ikapandikizwa kwenye uboho wa watu waliokubali. Mkono mmoja alimshika Gata, mkono wa pili akamshika Fogi, hakuwaachia, na Pu kila aliposogea alipigwa kiwiko. Seli mama zilizoumbwa kuchagua zikawa hazichagui. Karibu zote ziligeuka nyekundu.

Kiwiko kile alikichora Otilia. Alikuwa na miaka ishirini na tano, na watu walisimama kumpigia makofi.

Mtu asiye na weupe huuawa na kitu chochote, hata na mate yake mwenyewe. Ndiyo maana kuliwekwa talaka. Sindano moja ilimlegeza Mshenga, Pu akapumua, weupe wakazaliwa, kisha Mshenga akarejea kazini. Siku hizo kisima hakamuliwi. Lakini sindano tatu zikifuatana zilikata jeni yenyewe ya Mshenga, na mwili ukajifunza kumchukia. Mtu huyo hawezi kuwa kisima tena maisha yake yote. Talaka hiyo ya tatu haikutolewa mpaka kisima aitamke mwenyewe kwa kinywa chake.

Mwanzoni kila kisima alipewa talaka moja kila mwezi, alalamike asilalamike. Homa ilipozidi na vitanda vikajaa, Dokta Mwasongwe, mkuu wa kituo, alisema weupe wa visima wengi uko juu kuliko inavyohitajika, tunapoteza damu bure. Sindano itolewe kisima akilalamika. Vidonda, homa, kutetemeka. Akilalamika kwa nani? Kwa mtaalamu wa kiti chake.

Otilia alikuwapo kwenye kikao hicho. Aliona ni jambo la busara.

*

Siku iliyofuata mashine ya wodini ilikataa mfuko wa Zakayo. Taa ya njano iliwaka, na kwenye kioo yakatokea maneno kwamba kuna bakteria ndani ya damu. Otilia alidhani ni uchafu wa mrija. Alibadilisha mrija. Taa ikawaka tena.

Alikwenda bwenini kwa visima, akamkuta Zakayo amejifunika mablanketi mawili, jua la saa nne likimpiga usoni.

"Fungua mdomo."

"Unataka kuhesabu meno kama unanunua punda?"

"Fungua, Zakayo."

Aliufungua. Otilia alimmulika kwa kurunzi. Ulimi, fizi, ndani ya mashavu, hakukuwa na mahali pazima. Vidonda vilikuwa na kingo nyeupe, vimechimbika, vingine vimeungana. Hakukuwa na usaha hata tone. Usaha hutengenezwa na weupe.

Alichoma kidole, akatandaza tone kwenye kioo, akalipeleka chini ya hadubini. Wekundu walijaa kila upande kama uwanja wa mpira siku ya fainali. Alisogeza kioo kulia, akakisogeza kushoto, akatafuta chembe nyeupe moja. Alipoipata, ilikuwa mbovu.

Alirudi kitandani.

"Vidonda vimeanza lini?"

"Muda."

"Kwa nini hukuniambia?"

Zakayo alimtazama kwa mshangao wa kweli, usio na kejeli.

"Nilikwambia," alisema. "Kila nilipokaa kwenye kile kiti nilikwambia. Ulicheka."

"Nilidhani..."

"Ulidhani ni utani. Nami nilicheka pia, sikulaumu. Mtu mzima ataanzaje kulialia kuhusu mdomo mbele ya wenzake? Kwa mtani unaweza kusema bila aibu. Nikajua wewe ni mtaalamu, ukifika nyumbani utachambua pumba na mchele."

Otilia alijiona amesimama pale kitini, akitafuta tusi zuri la kurudisha, akifurahi kila alipolipata.

*

"Talaka moja haitoshi tena," Otilia alimwambia Dokta Mwasongwe. "Mbegu zenyewe za weupe zimekauka. Mshenga atarudi kabla hazijaota. Ni tatu au tumzike."

Dokta Mwasongwe alikuwa mtu mrefu, mpole, aliyekuwa akilala ofisini tangu vitanda vijae. Macho yake yalikuwa mekundu.

"Na yule mtoto wa Kandida?"

"Hana kisima mwingine."

"Anahitaji muda gani?"

"Wiki mbili hivi. Dawa imeanza kumshika."

"Basi tumpe Zakayo dawa za bakteria, za nguvu, za mshipani. Damu tuipitishe kwenye chujio. Tukamue hizo wiki mbili, halafu talaka tatu."

"Baada ya wiki mbili nitamchoma maiti sindano."

"Hujui hilo."

"Nimeona mdomo wake, Daktari."

"Nami nimemwona mtoto." Alijifikicha macho. "Otilia, mimi si katili. Nikikaa hapa nadhani kila siku kwamba kesho nitaamka nimekuwa katili, na kesho inafika nimechoka tu. Yule ni mtu wa makamo aliyekubali kazi hii akiwa na akili timamu. Huyu ni mtoto aliyeng'atwa na mbu. Hilo la kwanza. La pili, kama angelalamika mapema, talaka moja ingetosha, mtoto angekaa siku chache bila damu na wote wawili wangekuwa salama. Kwa nini hakulalamika?"

Otilia alitazama sakafu.

"Alilalamika," alisema. "Alinilalamikia mimi."

Dokta alingoja maelezo, akayapata. Yeye alikuwa Mnyakyusa, lakini alikuwa na watani wake. Alielewa vizuri mno.

"Kamuulize," alisema mwishowe. "Kanuni inasema aitamke mwenyewe. Muulize, na usimfiche kitu."

Akiwa njiani kurudi bwenini, Otilia aligundua kuna kitu anakiombea moyoni, na alipokitazama vizuri akaona haya. Alikuwa anaomba Zakayo akatae. Alikuwa anaomba aseme mtoto kwanza, afe kishujaa, ili yeye asibaki na deni la kuchagua.

*

Alivuta kigoda akakaa karibu na kichwa cha Zakayo.

"Utani kando," alisema.

"Mngoni akiweka utani kando anabaki na nini?"

"Utani kando, Zakayo."

Safari hii Zakayo aligeuza uso. Otilia alimweleza yote, taratibu, bila kupamba. Zakayo alisikiliza akiwa amekaza macho kwenye boriti za dari, kama fundi anayekagua kazi ya mwenzake.

"Ukinipa hizo tatu leo, napona?"

"Nadhani utapona. Sina hakika."

"Na nisipotaka?"

"Utatoa damu kidogo zaidi. Wiki, labda mbili. Kisha utakufa."

"Na Leka atavuka?"

"Atavuka."

"Na nikitaka hizo tatu, Leka atapata wapi?"

Hapo ndipo Otilia angeweza kudanganya. Angeweza kusema tutatafuta, tutajaribu Iringa, kuna damu inakuja. Aliyafikiria maneno hayo, yakafika mpaka kwenye ulimi.

"Hatapata," alisema.

Nje wanawake wa kijiji cha Ihanga walikuwa wanapita na matenga ya viazi, wakisimuliana habari za mtu aliyeibiwa gunia.

"Nikifa," Zakayo alisema, "utakuja kulala kaburini kwangu kama mtani, udai jogoo?"

"Nitakuja."

"Usikubali jogoo. Dai mbwa."

Otilia hakucheka, na Zakayo hakungoja acheke. Kifua chake kilikuwa kinapanda na kushuka haraka.

"Mvua za kwanza zikinyesha," alisema, "unakata ncha ya mwanzi mchanga, unaweka kikombe, asubuhi unakuta togwa tamu, halijachacha bado. Nimekuwa nikiwaza hilo tu humu ndani. Si watu, si nini, hilo togwa. Mtu anaulizwa habari ya roho ya mtoto, yeye anawaza togwa. Unaona nilivyo?"

"Naona."

"Nataka kuishi, Otilia."

Ilikuwa mara ya kwanza kumwita kwa jina lake. Alilisema kama mtu anayejaribu ufunguo kwenye mlango usio wake.

"Sema kanuni inavyotaka."

"Naomba talaka ya tatu." Kisha akamshika kifundo cha mkono, kiganja chake kikiwa cha moto kama chungu. "Na kesho usije ukawaambia watu kwamba nilikuwa na homa sikuelewa. Nilielewa. Nilimtaja Leka kwa jina."

Otilia alimchoma sindano ya kwanza pale pale.

*

Ndani ya mifupa ya Zakayo, Mshenga alianza kulegea. Mikono iliyomshika Gata ikaachia, kiwiko kikashuka, na Pu, aliyekuwa amefukuzwa kila mlango, akapata uzi wa kutua. Hakuna anayeweza kuliona jambo hilo. Kinachoonekana ni mgonjwa anayelala jasho likimtoka, na sindano ya pili, na ya tatu, na siku moja mtu wa maabara anasogeza kioo chini ya hadubini na kukuta chembe nyeupe changa, moja hapa, mbili pale, zina viini vilivyojikunja vizuri. Otilia aliziona mwenyewe. Aliondoka kwenye hadubini akaenda kunawa mikono, ingawa haikuwa michafu.

Leka hakufika siku hiyo. Walijaribu kumpa damu ya kisima mwingine, kidogo kidogo, wakiombea mwili wake usahau chuki yake. Haukusahau. Alikata roho mchana, ukungu umeondoka, mashamba ya chai yanang'aa mpaka upeo. Kandida alikuwa amempakata. Aliambiwa damu imekosekana, na hakuuliza imekosekanaje. Watu wa mabondeni walikuwa wamezoea vitu kukosekana.

Otilia alikaa naye mpaka walipokuja kumchukua mtoto. Mara mbili alifungua kinywa amwambie, na mara zote mbili Kandida alimtangulia, akamshukuru kwa kumhangaikia mwanawe.

*

Barabara ya kurudi Songea, kwao Leka, ilikuwa imefungwa kwa sababu ya homa, kwa hiyo Leka alizikwa kilimani nyuma ya kituo. Wahehe wa Ihanga ndio waliochimba. Wangoni hawawezi kujichimbia wakiwa na watani karibu. Ni aibu kwa pande zote mbili.

Zakayo alikuja akijikongoja na fimbo. Walimwambia akae, hajapona. Alichukua jembe kwa mtu aliyekuwa shimoni, akachimba kidogo, akapumzika, akachimba tena. Otilia, aliyekaa upande wa wanawake, alimtazama mgongo uliolowa.

Kwa mtoto watani hawafanyi mzaha mwingi. Mara nyingi huchimba, hufukia, huondoka. Shimo lilipokuwa tayari na sanduku dogo limeletwa, kila mtu alinyamaza, na ni Kandida mwenyewe aliyeinua kichwa.

"Watani wako wapi?" aliuliza. Sauti yake ilikuwa imekauka. "Mwanangu anazikwa kimya kama mbuzi wa kuokota? Alipenda kucheka huyu. Mchekesheni mara moja, mkimaliza aende."

Watu walitazamana. Kisha macho yakaenda kwa Zakayo, ambaye alikuwa bado shimoni, udongo umefika kiunoni.

"Lala, Zakayo," Mhehe mmoja alimhimiza. "Lidai kaburi. Sema hutoki mpaka wakupe kuku."

"Wasimpe kuku," alidakia bibi mmoja wa Kingoni. "Wampe mbwa, ndiye chakula anachokijua."

Kicheko kidogo kilipita, cha kwanza tangu asubuhi. Zakayo hakulala. Aliegemea ukuta wa udongo, fimbo imemwangukia miguuni.

"Sidai kitu," alisema. "Nilishalipwa."

"Amelipwa na nani? Mwongo huyo."

"Huyu mtoto nimemuua mimi."

Mtu alicheka nyuma. Zakayo alipaza sauti.

"Niliulizwa, yeye au mimi. Damu ilikuwa yangu, alikuwa anakunywa ya kwangu peke yake. Nikaulizwa nikiwa na akili zangu. Nikasema mimi. Mtoto afe, mimi nikanywe togwa."

Kilima kizima kilicheka. Ndivyo hasa mtani anavyotakiwa kusema, ajipakaze ubaya wote, ajivunie mbele ya wafiwa, mpaka uchungu ukose pa kushika. "Afadhali leo umekiri," bibi yule alisema. "Wahehe wote ni hivyo hivyo, mtoto afe wao wanywe." Wanaume walipigana mabega. Wapo waliosema hawajamsikia mtani mkali kama huyu tangu msiba wa fulani.

"Si utani," Zakayo alisema. "Nawaambia si utani."

Wakacheka zaidi.

Na Kandida naye alicheka. Kilimtoka kicheko kama kikohozi, kikamshika, akainama akashika mbavu, machozi yakimwagika, na wanawake waliomshikilia wakacheka kwa kumwona anacheka. "Mtoeni huyo," alisema akijifuta macho kwa ncha ya kanga. "Mtoeni mumpe kuku wake. Mungu akubariki, mtani. Mungu akubariki kweli."

Zakayo alikuwa akiwatazama mmoja baada ya mwingine, mdomo wazi, vidonda vyake vinaonekana, mpaka macho yake yakamfikia Otilia. Ni yeye peke yake aliyekuwa hacheki.

Otilia aliinuka. Alitaka kusema kwamba ni kweli, kwamba yeye alikuwapo, kwamba aliyechora kiwiko ni yeye na aliyechelewa ni yeye. Lakini aliposogea ukingoni watu walimpisha huku wakichekelea, maana alikuwa Mngoni, na Mngoni anayemfuata Mhehe kaburini anajulikana anakwenda kumrudishia utani. Aliteleza na udongo mpaka chini. Akamshika Zakayo mkono, mkono ambao haukuwa na homa tena.

Juu yao watu walianza kupiga makofi.